Mwenye Reflekta Anamlinda Nani?

Shabiki wa Manzese ana neema moja ambayo huenda haijui. Jumamosi jioni hulipa kiingilio cha kibanda umiza na kuitazama mubashara mechi ya Ligi Kuu ya England iliyoanza saa 9:00 alasiri kwa saa za huko. Mkazi wa London, hata awe mtaa wa pili kutoka uwanjani, hawezi kuiona kwenye televisheni yake. Vituo vya Uingereza vimezuiwa kuonyesha soka moja kwa moja siku ya Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni. Kanuni hiyo imedumu kwa zaidi ya nusu karne, na lengo lake ni kwamba mtu asibaki sebuleni na Arsenal wakati timu ya mtaani kwake inacheza mbele ya majukwaa matupu.

Yaani soka la Uingereza limekubali kuacha fedha za televisheni mezani ili kumtunza shabiki wa uwanja mdogo. Ndiyo maana malalamiko ya shabiki huyo yanashangaza. Anasema akifika getini hupekuliwa mifuko hadi bitana. Akisimama kushangilia, anaamriwa aketi. Bendera yake inapimwa, ngoma yake inaulizwa kibali, na akibisha anapindwa mkono nyuma ya mgongo na kutolewa nje, mara nyingine kwa kosa la aliyekaa nyuma yake. Wanaomfanyia hivyo si polisi. Ni wasimamizi wa jukwaani, watu wenye vizibao vya njano au vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, vile ambavyo bodaboda wetu huviita reflekta.

Wenye reflekta nao wana yao moyoni. Hutemewa mate, hutukanwa matusi ya nguoni, hurushiwa sarafu na bia, na wanaowatendea hayo ndio wale wale ambao wao wameajiriwa kuwalinda.

Pande zote mbili zinasema kweli. Ugomvi wao, ambao hutokota zaidi katika ligi za chini kuliko zile za runinga, unatokana na swali ambalo viwanja vingi havijalijibu sawasawa: mwenye reflekta yupo pale kumlinda shabiki, au kuwalinda wengine dhidi ya shabiki?

Mtu mmoja, sheria tatu

Chini ya Ligi Kuu, England ina klabu 72 katika madaraja matatu: Championship, League One na League Two. Chini yake ipo National League, kisha National League North na South, kisha ligi za kanda kama Isthmian, na ngazi nyingine nyingi kushuka hadi kwenye viwanja vya bustani ambako kamba ndiyo ukuta. Shabiki wa soka la chini hupanda na kushuka ngazi hizi pamoja na timu yake, na kila akibadilisha ngazi hukuta sheria nyingine ikimsubiri.

Chukua suala la kusimama. Baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, klabu za madaraja mawili ya juu zilitakiwa ziwe zimeweka viti uwanja mzima ifikapo 1994. Madaraja ya chini yaliruhusiwa kubaki na ngazi za kusimama. Kwa hiyo shabiki wa League Two aliyezoea kusimama dakika 90 kwao, akisafiri na timu yake na kupewa jukwaa la viti ugenini, jambo lile lile linageuka kosa la kuvunja kanuni za uwanja. Maeneo maalumu ya kusimama yenye vyuma vya kushikilia yaliruhusiwa rasmi katika madaraja ya juu kuanzia msimu wa 2022/23, lakini kwa karibu miaka 30 amri iliyotamkwa na wasimamizi kuliko zote ilikuwa neno moja: kaa.

Kilevi ni mfano wa wazi zaidi. Sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapouona uwanja wakati wa mechi za klabu za ligi, kuanzia Ligi Kuu hadi National League. Ukishuka ngazi moja tu, kwenye North au South, shabiki anaweza kuegemea reli na bilauri yake mkononi, akamtania kipa wa wageni, na dunia haianguki. Klabu hiyo hiyo ikibahatika kukutana na timu ya League One katika raundi ya kwanza ya Kombe la FA, bilauri zinaondoka jukwaani siku hiyo. Watu ni wale wale na uwanja ni ule ule. Kilichobadilika ni daraja la mgeni. Novemba 2021, tathmini ya soka iliyoongozwa na mbunge Tracey Crouch ilipendekeza yafanyike majaribio ya kuruhusu pombe jukwaani katika League Two na National League, kwa kuwa mauzo ya baa ni damu ya klabu ndogo.

Sheria zinazopima ngazi ya ligi badala ya mwenendo wa mtu humfundisha shabiki kitu kibaya. Humfundisha kwamba kanuni hazihusu alichofanya, bali zinahusu aina ya mtu anayedhaniwa kuwa. Akifika getini na dhana hiyo kichwani, na akamkuta mlinzi mwenye dhana hiyo hiyo juu yake, nusu ya ugomvi imeshaandaliwa kabla mpira haujaanza.

Shabiki si malaika

Haitakuwa haki kuandika kana kwamba mashabiki wa ligi za chini ni kondoo walioonewa. Mei 2010, Luton Town ilipofungwa nyumbani na York City katika nusu fainali ya kuwania kupanda daraja kutoka ligi ya tano, baadhi ya mashabiki wake walivamia uwanja na kuwarushia wachezaji wa York vitu mfululizo, hata wachezaji hao wakalazimika kupanda jukwaani kujinusuru. Timu iliyoshinda ilisherehekea ikijificha.

Oktoba 2019, katika raundi ya mchujo ya Kombe la FA, Haringey Borough ya kaskazini mwa London ilikuwa ikicheza na Yeovil Town. Kipa wa Haringey alitemewa mate na kurushiwa vitu, mwenzake akatukanwa kwa rangi yake, na kocha akawatoa vijana wake uwanjani. Mechi ikavunjika, ikarudiwa siku kumi baadaye. Mei 2022, Port Vale ilipoitoa Swindon kwa penalti katika mchujo wa League Two, watu walimiminika uwanjani na baadhi ya wachezaji wa Swindon wakashambuliwa.

Takwimu za Wizara ya Mambo ya Ndani zinaonyesha kwamba katika msimu wa 2021/22 watu 2,198 walikamatwa kwa makosa yanayohusu soka England na Wales, ongezeko la asilimia 59 ukilinganisha na msimu wa 2018/19, wa mwisho kukamilika kabla ya korona. Fataki za moshi, ambazo vijana huziona pambo la picha za simu, nazo si mchezo wa kitoto. Novemba 1993 mjini Cardiff, fataki ya kuombea msaada baharini ilirushwa kutoka jukwaa moja hadi jingine katika mechi ya Wales na Romania, ikamuua mzee aliyekuja kutazama mpira.

Lipo pia tukio linalopaswa kumkosesha usingizi yeyote anayedhani vurugu za ligi ndogo ni ndogo. Machi 2015, baada ya mechi ya League Two kati ya Southend na Cambridge United, shabiki mmoja wa Cambridge alishambuliwa na kundi la watu akiwa njiani kurudi nyumbani. Ubongo wake uliharibika, akaishi miaka mitano bila kurudi katika hali yake, akafariki mwaka 2020. Washambuliaji kadhaa walifungwa. Lakini angalia mahali ilipotokea: mtaani, mbali na kamera za uwanja na mbali na kila reflekta. Ulinzi uliokuwa mkali kuhusu nani amesimama na nani ameketi haukuwa na la kufanya pale damu ilipomwagika.

Nani yuko ndani ya reflekta

Wengi hudhani msimamizi wa jukwaani ana mamlaka ya nusu polisi. Hana. Mbele ya sheria ya England yeye ni raia kama raia wengine. Anaweza kutumia nguvu ya kiasi kuzuia uhalifu na anaweza kumkamata mtu kwa mazingira yale yale ambayo hata muuza samaki angeweza. Upekuzi wa getini unahitaji ridhaa ya anayepekuliwa; anayekataa hakamatwi, ila ananyimwa kuingia. Nguvu halisi ya msimamizi inatoka kwenye tiketi. Tiketi ni ruhusa ya kuwa kwenye mali ya mtu, na mwenye mali anaweza kuifuta ruhusa hiyo na kukutaka uondoke. Ukigoma, umekuwa mvamizi.

Mamlaka hayo ni membamba, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Polisi akisema "ondoka" ana dola nzima nyuma yake. Mwenye reflekta ana sauti yake, busara yake, na wenzake watatu. Busara ikikosekana, inabaki misuli.

Na busara hiyo inatarajiwa kwa nani? Katika klabu nyingi za chini kabisa, wasimamizi ni watu wa kujitolea: mstaafu anayeijua klabu tangu utotoni, mama aliyekuja na mwanawe akaombwa asaidie geti. Hawa huwajua mashabiki kwa majina na kwa ubishi wao, na wanapomwambia mtu "shuka hapo kwenye reli" wanasema kama shangazi anavyosema. Mambo hubadilika siku ya mechi kubwa kwenye uwanja mdogo. Klabu hukodi kampuni ya ulinzi, nayo huleta vijana ambao hawajawahi kuuona uwanja huo, wanaolipwa kiasi cha karibu na kima cha chini cha mshahara, na ambao Ijumaa usiku walikuwa mlangoni mwa klabu ya muziki. Mlangoni mwa disko kazi ni kuchuja nani aingie na kumtoa nje anayesumbua. Jukwaani kazi ni kuwatunza watu 800 ambao wote wana haki ya kuwepo, wote wanapiga kelele, na kelele ndiyo waliyoilipia.

Sheria nayo imeacha mwanya. Kwa sheria ya mwaka 2001 Uingereza ina mfumo wa leseni kwa walinzi binafsi. Marekebisho ya mwaka 2006 yaliwaondoa humo wale walioajiriwa moja kwa moja na klabu kwenye viwanja vyenye hati ya usalama, kwa hoja kwamba wana mafunzo yao wenyewe ya usalama wa watazamaji. Mafunzo hayo yapo na ni mazuri kwenye karatasi. Lakini kazi ni ya siku moja moja, watu huingia na kutoka, na baada ya korona wengi walihamia kazi nyingine na hawakurudi. Ripoti ya Louise Casey ya Desemba 2021 kuhusu fujo za fainali ya Euro pale Wembley, ambako watu wapatao 2,000 waliingia bila tiketi, iligusa uhaba huo wa wasimamizi wenye uzoefu. Kama uwanja wa taifa ulipata shida, League Two isemeje?

Juu ya hayo, polisi wamejitoa. Kwa sheria ya Uingereza klabu hulipia polisi wanaowekwa ndani ya uwanja wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilimaliza kesi ya Ipswich Town na polisi wa Suffolk kwa kuamua kwamba klabu haidaiwi gharama za ulinzi wa barabara za umma hata kama zipo jirani na uwanja. Kila upande ukawa unahesabu senti zake, na mechi zisizo na polisi hata mmoja ndani zimekuwa za kawaida katika ligi za chini. Kwa klabu yenye bajeti finyu hiyo ni nafuu, ila kazi ya polisi haijafutika. Imeteremshwa mabegani mwa kijana mwenye reflekta, bila mafunzo ya polisi, bila mshahara wa polisi, na bila mkondo wa malalamiko unaomsubiri polisi anayekosea.

Mkono mzito unavyozaliwa

Msimamizi anapewa maagizo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuhakikisha njia za kutokea ziko wazi na hakuna anayeumia. La pili ni kuhakikisha klabu haipigwi faini. Kinadharia maagizo hayo ni ndugu. Jukwaani hugombana. Kijana aliyepanda kiti chake kumwona mfungaji hatishii maisha ya mtu, lakini anatishia ripoti ya mechi. Msimamizi anayeogopa ripoti kuliko anavyojali watu atamwendea, na atamwendea mbele ya marafiki zake 50.

Hapo inaingia haya ya kushindwa. Msimamizi aliyefundishwa vizuri angemnong'oneza, angetania, angesubiri shangwe zipoe. Asiyefundishwa huanza na amri, na amri isipotiiwa hana ngazi ya kati. Anarudi na wanne. Sasa kuna watano wenye reflekta katikati ya watu waliokuwa wakiimba, na kila aliye karibu anaona rafiki yake akibururwa kwa kosa la kufurahi. Wanaoingilia kati hawakuja na nia ya fujo, ila hawako tayari kutazama. Ripoti ya jioni itasema mashabiki wa ugenini walileta vurugu, na haitakuwa imesema uongo mtupu.

Ugeni unaongeza uzito. Mashabiki wa ugenini wakikosea, ni rahisi kuwahesabu wote kuwa kitu kimoja; samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tukio maarufu la dhana hiyo lilifanywa na polisi. Novemba 2008, mashabiki wa Stoke City wapatao 80 waliokuwa wakinywa kwa amani katika baa moja ya Irlam, nje ya Manchester, walizuiwa humo, kisha wakapakiwa kwenye mabasi na kurudishwa Stoke bila kuiona mechi, kwa kutumia kifungu kilichoruhusu kumwondoa mtu eneo fulani hata kabla hajafanya kosa. Chama cha mashabiki na Liberty, shirika la kutetea haki za raia, waliwasimamia, na polisi hatimaye waliomba radhi na kuwalipa fidia. Stoke walikuwa Ligi Kuu, wakapata wa kuwatetea na magazeti ya kuandika. Mashabiki 60 wa klabu ya ngazi ya sita wakifanyiwa jambo la namna hiyo getini, habari yao huishia kwenye basi la kurudi.

Bradford na Hillsborough

Uingereza ina sababu kuliko nchi nyingi za kujua tofauti kati ya usalama na udhibiti, na somo la kwanza lilitolewa katika ligi ya chini. Tarehe 11 Mei 1985, Bradford City ilikuwa imekabidhiwa kombe la Daraja la Tatu kabla ya mechi na Lincoln City. Muda mfupi kabla ya mapumziko, moto ulishika takataka zilizokuwa zimelundikana kwa miaka chini ya jukwaa la mbao. Ndani ya dakika chache jukwaa zima lilikuwa linawaka. Watu 56 walifariki. Wengi wao walikimbilia nyuma, walikoingilia, wakakuta milango imefungwa. Ilifungwa kwa sababu ya kawaida kabisa: watu wasiingie bure. Waliokimbilia mbele, uwanjani, walipona kwa wingi, kwa kuwa jukwaa lile halikuwa na uzio.

Miaka minne baadaye, Hillsborough ilikuwa na uzio. Polisi walifungua geti kupunguza msongamano wa nje bila kuifunga njia iliyoelekea kwenye vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Watu walipoanza kupanda uzio wakitafuta pumzi, waliokuwa na dhamana ya ulinzi waliona uvamizi wa uwanja. Mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha. Kwa miaka lawama ilitupiwa ulevi wao, hadi baraza la uchunguzi wa vifo lilipoamua mwaka 2016 kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mwenendo wao haukuchangia.

Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 kuhusu maafa hayo iligusa pia watu wa majukwaani. Ilitaka klabu ziajiri wasimamizi wa kutosha, wenye afya na uwezo, waliofunzwa. Msimamizi wa kisasa ni mtoto wa ripoti hiyo. Alizaliwa ili mashabiki wasife. Mwaka uliofuata Bunge lilifanya kuingia uwanjani bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na kwa siku za kawaida sheria hiyo ina mantiki. Waulize wachezaji wa York. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba kazi yake kuu ni kuzuia watu wasikanyage nyasi anapaswa kwanza kufundishwa habari za Bradford, mahali ambapo nyasi ndizo zilizookoa.

Umati una akili

Nyuma ya ubabe kuna nadharia ya kale. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu akiingia kwenye umati hupoteza akili yake na kuwa kama mnyama. Ukiamini hivyo, dawa ya moto ni moto: piga mapema, piga kwa nguvu.

Watafiti wa siku hizi, wakiwemo Stephen Reicher na Clifford Stott, wameonyesha jambo jingine. Mtu katika umati hapotezi nafsi, anahamia kwenye nafsi ya kundi, na kundi hujitambua kwa namna linavyotendewa. Likitendewa haki, wengi humkemea mkorofi wao wenyewe. Likitendewa lote kama wahalifu, mkorofi anageuka shujaa wao. Katika Euro 2004 nchini Ureno, miji ambayo polisi walichangamana na mashabiki wa England kwa mazungumzo ilikuwa shwari, wakati Albufeira, iliyokuwa chini ya jeshi jingine la polisi lenye mtindo tofauti, ilikumbwa na ghasia. Stott na wenzake waliona mwelekeo huo huo kwa Cardiff City, klabu iliyokuwa na sifa mbaya: polisi wa Wales Kusini walipoingia kwenye mazungumzo na mashabiki, fujo zilipungua.

Wenye klabu watauliza fedha ya mambo haya iko wapi. Hoja yao haipuuzwi. Hati ya usalama ikiguswa, jukwaa linafungwa na mapato yanakatika. Kwa hiyo ni rahisi kuelewa kwa nini, baada ya uvamizi wa Mei 2022, mamlaka za soka zilitangaza kwamba anayeingia uwanjani au anayebeba fataki afungiwe na klabu yake si chini ya mwaka mmoja. Adhabu kwa aliyekosa ni halali. Kinachopingwa ni kumwadhibu jirani yake.

Na mengi yanayofanya kazi hayana bei kubwa. Klabu inaweza kusafiri na wasimamizi wake wachache wanaowajua mashabiki wake. Ofisa wa uhusiano na mashabiki, ambaye UEFA imemfanya kuwa sharti la leseni kwa klabu za mashindano yake, anaweza kupigia simu klabu mwenyeji siku mbili kabla na kumaliza suala la ngoma na bendera. Reflekta inaweza kuandikwa namba kubwa mgongoni ili anayelalamika ajue anamlalamikia nani. Malalamiko nayo yanahitaji meno: msuluhishi wa soka aliyeanzishwa mwaka 2008 amekuwa akipokea mengi yanayohusu majukwaani, lakini mapendekezo yake hayailazimishi klabu. Mlinzi ambaye jina halijulikani na hukumu haimfikii atapata wapi sababu ya kuwa mpole?

Na kwetu je?

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kusema haya ni ya Wazungu. Asiharakishe. Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 2023, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano wa kuingia uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger. Agosti 2025, wakati wa CHAN, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya watu kuvunja utaratibu wa kuingia. Mara zote tatu tatizo lilikuwa getini na njiani, mahali ambapo mtu aliyefunzwa kusoma umati ana thamani kuliko kirungu.

Hayo ni ya viwanja vikubwa. Kwenye madaraja ya chini hali ni ya kamba, askari wachache, na mabaunsa wa kukodi. Ligi zetu zinapokua na mashirikisho yanapodai ulinzi wa kisasa, kishawishi ni kununua vizibao na kuwavisha watu wenye vifua vipana. England imekwisha kuonyesha kwamba reflekta haimfundishi mtu kazi. Inamfanya tu aonekane kwa mbali.

Kwa hiyo, ukienda kutazama timu ya mtaani kwako Jumapili hii, usirushe chupa na usimtukane mlinzi. Naye ana watoto. Kisha muulize kwa adabu maswali mawili: mlango wa kutokea uko wapi, na ufunguo wake anao nani? Akikujibu, huyo anakulinda. Akikusukuma, tafuta mlango mwenyewe kabla mpira haujaanza.